Mchawi Apakwe Rangi Gani?

"Macho usiyaguse, mjukuu wangu. Haya niliyo nayo yamenitosha."

Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya bibi, brashi mkononi, boksi langu la rangi nimeliweka wazi juu ya kinu kilichopinduliwa. Yeye alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni pa jiko lake, miguu ameinyoosha, kanga amejitanda mabegani. Kijiji kiko wilayani Magu, nje ya jiji la Mwanza, mbele kidogo ukishapita Kisesa kwa barabara ya Musoma. Saa kumi na moja ilikuwa inakaribia, na kila aliyewahi kufanya kazi ya sinema anaijua saa hiyo: jua limelainika, kila kitu kinapendeza, na dairekta anapiga kelele.

"Mwongezee wekundu kidogo tu, hapo chini ya jicho," alisema nyuma yangu. "Kidogo tu. Mbona tayari anao."

Mbona tayari anao.

Wiki hizi zote nimeosha brashi, nimepamba mabibi harusi, nimepanda daladala za Nyegezi, na maneno hayo yananirudia. Makala hii nimeiandika nikaifuta, nikaiandika tena. Kila nikiisoma nilijikuta nimejiweka mimi kuwa mwema na dairekta kuwa mbaya, na haikuwa hivyo. Dairekta ni kijana mwenye kipaji, ana mkopo wa kamera unaomkosesha usingizi, na hana ubaya na bibi wa mtu.

## Akae tu, aangalie njia

Skripti mnaijua hata kama hamjaisoma. Mtoto anaumwa, hospitali haioni ugonjwa, baba anakwenda kwa mganga, mganga anamwonyesha nyumba ya jirani. Jirani ni bibi mjane. Mwishoni bibi anaumbuka na kijiji kinapumua.

Bibi huyo alitakiwa kuigizwa na dada mmoja wa mjini, wa miaka 26, na mimi nilitakiwa kumzeesha. Nilimzeesha. Nitaeleza baadaye kilichotokea. Ila jua lilipoanza kushuka dairekta aligeuza shingo, akamwona bibi mwenye mji tuliokodi, anapepeta maharage pembeni, na nadhani palepale akaiona sinema yake. Simshangai. Ule uso hakuna gundi inayoweza kuutengeneza.

Mjukuu wa bibi, kijana wa bodaboda, akaitwa pembeni na prodyuza. Wakapatana elfu thelathini. Mimi nikaambiwa nimwandae.

Mtu yeyote kabla sijamgusa uso huwa namwuliza anaigiza nani. Ni mazoea tu ya kazi, yanamtuliza. Nikamsalimia kwa Kisukuma, mwangaluka mayu, salamu ya asubuhi, ingawa ilikuwa jioni na bibi akanicheka, kisha nikamwuliza, "Bibi, wamekwambia unaigiza nini?"

"Wamesema nikae tu hapa niangalie njia."

Hakuwa na neno hata moja la kusema kwenye sini. Angekaa mlangoni kwake, kwenye kigoda chake, aangalie njia anayoiangalia kila siku, halafu kwenye editi aunganishwe na mtoto anayetapika damu. Muziki ungemalizia.

## Picha iliuzwa

Nilianzia saluni Kirumba, karibu na mwaloni, soko la samaki la ufukweni, mahali ambapo ukifungua dirisha harufu ya dagaa inaingia bila hodi. Nilikuwa nasuka. Mekapu ilinikuta hapo hapo: mpambaji wa saluni alisafiri, bibi harusi ameshakaa kwenye kiti, mama mwenye saluni akageuka akanitazama mimi.

Kazi ya bibi harusi ina sharti moja, atoke mzuri kuliko alivyoingia, na inalipa. Ukiweka na sendofu na kicheni pati, mtu anakula na kodi anatoa. Laki na nusu, pesa mkononi kabla sijafungua boksi. Sinema ya kwanza niliyoitwa waliniahidi elfu arobaini kwa siku, nusu tukimaliza kushuti, nusu picha ikiuzwa.

Picha iliuzwa.

Sasa kwa nini mtu aendelee? Nimeulizwa na mama yangu, na mchumba aliyekuwepo wakati huo, na mwenye nyumba. Jibu la kweli ni damu.

Sini ya kwanza waliyonipa ilikuwa ya mvuvi aliyechomwa kisu, usiku, ufukweni Luchelele. Nilichemsha sukari mpaka ikawa nzito, nikatia rangi nyekundu ya keki, nikaona nimepika juisi ya ubuyu. Nikatia kakao, ikawa ya kahawia. Nikatia tone la bluu, nikakoroga, na palepale kwenye sufuria ya chai ikawa damu. Nilirudi nyuma hatua moja. Nilijua nilichotia humo, nimekinunua mwenyewe, na bado mwili ulikataa. Hakuna bibi harusi aliyewahi kunifanyia hivyo.

Kisha tukawasha taa. Wadudu wa ziwani wa Ghuba nzima ya Mwanza wakaja kwenye mwanga, wakanasa kwenye kifua cha marehemu, na marehemu akaanza kujikuna. Tangu hapo namwomba kila dairekta damu zote zimwagike kabla ya magharibi.

Huku kwetu mtu wa mekapu ndiye mtu wa nywele, ndiye wa maleba, ndiye anayetakiwa kukumbuka jana kidonda kilikuwa shavu lipi. Siku mpishi asipokuja ndiye anayemenya viazi. Wala msidhani Marekani waliiheshimu kazi hii mapema. Oscar ya mekapu ilianza kuwa tuzo ya kushindaniwa 1982, Rick Baker akawa wa kwanza kuichukua, na wanawake weusi wa kwanza kuipata, Mia Neal na Jamika Wilson, ni juzi tu, 2021. Tuliangalia picha yao saluni, kwenye simu, tukapiga vigelegele. Mteja mmoja chini ya drai akauliza kama hao nao wanapamba mabibi harusi, na bei yao ni ngapi.

Kuhamia Dar nimewahi kuwaza. Tamthilia ziko huko, na kazi ya mwezi mzima iko huko. Nikipiga hesabu ya kodi ya chumba nanyamaza.

## Kuzeesha

Kumzeesha mtu ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa kuliko zote. Kwenye picha zetu nyingi mzee ni poda ya mtoto kichwani na mistari ya penseli kwenye paji la uso. Poda nyeupe ikifika kwenye kamera inavuta bluu. Penseli inabaki penseli.

Kuna Mmarekani aliitwa Dick Smith. Alimchukua Dustin Hoffman, akiwa na miaka thelathini na kitu, akamfanya mzee wa miaka 121 kwenye picha iliyotoka 1970. Hakumvalisha sura moja ya mpira inayofunika uso mzima. Aliugawa uso vipande vipande vya mpira laini vinavyopandana, ili mwigizaji akitabasamu, uzee nao utabasamu. Ila kinachonifanya nimpende ni kingine. Wenzake walizifungia fomula zao kabatini. Yeye aliwajibu kwa barua vijana asiowajua, akawaeleza anachanganya nini na nini. Rick Baker alikuwa mmoja wa vijana hao. Smith alifariki 2014, na mbinu zake zimenifikia mimi Mwanza kupitia video za watu waliofundishwa na watu aliowafundisha. Sijalipa hata senti, ukiacha bando.

Dada yetu wa mjini tulianza naye kabla jua halijapanda. Msaidizi anavuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili kuelekea sikioni. Mimi nagonga-gonga lateksi, yaani mpira wa majimaji, kwa sponji, nalaza juu yake kipande cha tishu nilichokichana kwa mkono, maana ukingo wa mkasi unaonekana, nagonga tena. Tunakausha kwa drai, hewa baridi. Poda. Ndipo msaidizi anaachia.

Ngozi inarudi mahali pake na lateksi inakunjamana nayo.

Sekunde hiyo ya kuachia sijawahi kuichoka. Unamwona mtu anafika uzeeni mbele yako, shavu moja baada ya jingine, na wengi wakipewa kioo wanataja jina la mama yao.

Chini ya macho nilikwenda taratibu. Dada anatumia mkorogo. Amekana, lakini vifundo vya vidole vinamsema. Krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku nchini, na zinauzwa. Ngozi iliyochubuliwa ni nyembamba, lateksi ukiibandua kwa pupa unaondoka na ngozi. Halafu kucha. Alikuwa na kucha za kubandika, ndefu, za pinki, akakataa katakata kuzitoa kwa sababu ana sherehe Jumamosi. Kwa hiyo bibi wetu alikuwa na uso wa miaka sabini na vidole vya sendofu, na ikabidi mikono ikae chini ya kanga sini nzima.

Mwanza si joto la Dar, ila tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana linapiga wima. Kufika alasiri lateksi ilikuwa imeanza kuachia pembeni ya mdomo. Hapo ndipo dairekta alipogeuza shingo kumtazama mwenye mji.

## Moshi

Nilipoinama kuyaangalia macho ya bibi kwa karibu, nililiona jiko lake.

Mlango mmoja, dirisha hakuna, mafiga matatu, paa limeiva kwa masizi. Siku hiyo alikuwa anachochea mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, kwa sababu kuni Usukumani ni safari. Weka vumbi la kiangazi. Weka trakoma, inayogeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza jicho kila linapofumba. Weka miaka sabini na kitu. Wekundu ninaoutengeneza mimi kwa penseli ya krimu na menthol ya kuvuta machozi, bibi aliupata kwa kuwapikia watu ugali.

Na sisi wa Kanda ya Ziwa, ambako macho mekundu ya bibi yamehesabiwa kuwa alama ya uchawi, tunajua wekundu huo umewagharimu nini wenye nao. Magazeti yaliwaita vikongwe. Waliowajia usiku tuliwaita wakata mapanga. Mwaka 2013 peke yake Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu zaidi ya watu 700 waliouawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake. Nyuma ya mambo hayo mara nyingi kulikuwa na shamba la mjane ambalo mtu analitaka, au mtoto aliyekufa na baba ambaye hana mtu wa kumkasirikia. Katikati yao alikaa mpiga ramli.

Sheria ya Uchawi tunayo tangu 1928, na kumtangaza mwenzako kuwa ni mchawi ni kosa. Waganga wa ramli chonganishi serikali iliwapiga marufuku 2015. Hebu tujiulize mpiga ramli huwa anauza nini hasa. Mtu anakuja na msiba, hana pa kuuelekeza, yeye anampa sura: mzee, mwanamke, anaishi peke yake, macho mekundu, mlango wake unatazama njia. Baba wa watu anarudi kijijini na sura hiyo kichwani, anaanza kuilinganisha na majirani.

Sisi tulikuwa tunashuti sura hiyo hiyo. Kwa kamera nzuri na mwanga wa jioni.

Dairekta alisema ni sinema tu, na kwa sehemu ana haki. Mapanga yalikuwepo kabla kamera haijafika Magu. Simjui mtu aliyetoka kuangalia picha akaenda kunoa. Mimi mwenyewe napenda picha za kutisha, naziangalia taa zimezimwa. Na tukianza kuogopa kila uso, tutabaki tunashuti sebule na makochi, kama ambavyo tayari tunafanya.

Lakini dada wa kucha za pinki akinawa uso anarudi kwao Mabatini, na kwenye daladala hakuna atakayemtambua. Bibi hana pa kunawia. Uso wa kwenye picha ndio atakaokwenda nao kisimani kesho, na njia ile kila mtu pale anajua inaelekea kwa nani.

## Elfu thelathini

Nikasimama. "Kaka, huyu mimi simpaki."

"Basi acha. Hivyo hivyo anafaa."

Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, na ugomvi haukuwepo. Nilidhani nikikataa nitakuwa nimezuia jambo. Kumbe brashi yangu ilikuwa ya ziada; alichokuwa anakihitaji kilikuwa kimekaa kwenye kigoda, bure.

Nikachuchumaa tena. Nikamsimulia bibi picha yote, toka mtoto anapougua mpaka watu wanapokuja usiku na mafuta ya taa, kwa Kiswahili na Kisukuma changu cha kuokoteza. Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza alimwita mjukuu, akamwuliza walisema shilingi ngapi. Elfu thelathini. Bibi akacheka, kicheko cha kweli, mpaka kikohozi kikamshika. Kisha akanishika bega ili ainuke.

"Hiyo elfu thelathini nikifa mtaninunulia sanda?"

Akaingia ndani na kigoda chake.

Watu wakinisikia nikisimulia hapa huwa wanapiga makofi. Mjukuu hakupiga makofi. Alinifuata hadi kwenye gari, wala hakupandisha sauti. "Dada, umetuharibia. Dawa ya presha ya bibi nanunua mimi. Tairi la pikipiki limeisha. Nyie mnapanda gari mnaondoka, sisi tunabaki."

Na kweli tulipanda gari tukaondoka. Prodyuza alimwachia pesa ya kukodi mji kama walivyopatana tangu mwanzo, kumi na tano, basi.

Hapa ndipo usingizi unaponikatika. Nilimpa bibi habari, au nilimpelekea hofu mlangoni? Kile kijiji anakijua yeye. Ameishi hapo akisalimiwa na watu, ameuguza watoto wao, na mimi mtu wa kuja asubuhi nikamkalia mbele nikaanza hadithi za moto. Huenda majirani zake wangemwona kwenye simu wakacheka, wakamwita staa, na tairi lingenunuliwa. Huenda kuna kitu cha kimjini katika namna nilivyomwonea huruma, nikajifanya namjua adui yake kuliko anavyomjua mwenyewe.

Mawazo hayo yakinibana sana narudi kwenye jambo moja. Sentensi yake ya macho aliisema kabla sijamwambia lolote kuhusu picha.

## Fremu chache tu

Zile sini tulikuja kuzimalizia uani kwingine, Igoma, na dada yule yule, lateksi mpya, mikono chini ya kanga. Macho sikuyagusa. Nilimwomba dairekta atishe kwa ukimya. Dada anaweza kukaa kimya ukasikia baridi, ni mwigizaji mzuri kuliko anavyojijua. Dairekta akasema sawa. Nikarudi nyumbani najiona nimeshinda.

Picha ikatoka YouTube. Niliiangalia kitandani. Bibi anageuza uso kutazama njia, polepole, vizuri kabisa, kila kunjo liko mahali pake.

Macho mekundu.

Kijana wa editi ni rafiki yangu, nikampigia. "Aa dada, ni fremu chache tu. Nimezungushia, nikaongeza nyekundu. Dakika tano." Alinieleza kwa furaha, fundi akimweleza fundi mwenzake. Mimi na msaidizi tulitumia asubuhi nzima kutengeneza mwanamke mzee. Kumgeuza mchawi ilihitaji dakika tano na mtu ambaye hajawahi kumwona bibi.

Mwishoni jina langu limeandikwa, tena kubwa: mekapu. Anayeangalia atajua macho yale ni kazi yangu.

Nikashuka kwenye maoni. Wengi walisifia. Mmoja aliandika kwamba huyo bibi amefanana kabisa na jirani yao, akaweka vikatuni vya kucheka. Wengine wakamjibu kwa kucheka. Nikagusa jina lake nione anatoka wapi, hakuandika.

## Watu watamjuaje?

Nilisema narudi kwa mabibi harusi. Nikawapamba mabibi harusi, msimu ulikuwa mzuri, nikanunua boksi jipya lenye magurudumu. Kisha dairekta akapiga simu. Ana skripti mpya, pesa kidogo imepatikana, ananihitaji.

"Mchawi yumo?"

Kimya. "Yumo."

Nikampa masharti. Skripti naisoma kabla ya kutaja bei. Na kama kuna mwanakijiji atakayewekwa mbele ya kamera, asimuliwe picha yote kwa lugha anayoielewa kabla hajatajiwa shilingi. Akasema siku hizi nimekuwa wakili. Nikamwambia na macho ya kwenye editi tutayaongea. Akaguna. Kisha akauliza swali la haki kabisa, swali la fundi: "Sawa dada. Sasa huyo mchawi wangu watu watamjuaje?"

Sikuwa na jibu. Kusema asiwe bibi ni rahisi. Ugumu ni kusema awe na sura gani, maana mtazamaji amezoea kupewa dalili, na akikosa dalili anahamia kwenye video nyingine. Siku kadhaa nilikuwa natazama watu kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga, nawapima mmoja mmoja, huyu, hapana, huyu. Nikaanza kuwakumbuka watu niliowahi kuwaogopa kweli. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na macho mekundu. Mmoja alikuwa ananukia vizuri sana.

Nikampigia. Nikamwambia mpe mwanamume wa miaka arobaini na kitu, shati limepigwa pasi, biro mbili mfukoni. Anawasaidia wajane kujaza fomu za mashamba. Anakuja msibani wa kwanza na anaosha vyombo. Kwa mganga anakwenda yeye kabla ya baba wa mtoto hajafika, anaacha bahasha.

Dairekta alinyamaza, halafu nikasikia anaandika.

Majaribio ya kamera tuliyafanya uani kwangu Nyegezi. Nilimnyoa ndevu yule kaka, nikamsawazisha nyusi, nikampaka poda kuondoa kung'aa kwenye paji la uso, na mafuta kidogo mdomoni. Robo saa haikufika. Dairekta akamtazama kwenye skrini, akamtazama tena, akasema huyu mtu anampa wasiwasi na haelewi kwa nini. Kisha akanigeukia akasema, kwa poda hiyo tu, elfu arobaini kwa siku ni nyingi mno, tufanye ishirini na tano.

Nimekataa. Mpaka naandika hapa bado tunavutana.